Jinsi ya Kumpitisha Mpelelezi Mbele ya Mgahawa Wako

Una mgahawa Nyamirambo, Kigali, au una nia ya kuwa nao. Chai unayo, chapati unazo, sambusa zinatoka za moto saa kumi jioni. Ulichokosa ni historia. Mgeni anashuka kwenye pikipiki, anapiga picha msikiti, anapiga picha kinyozi, anampiga picha mtoto wa jirani aliyevaa kiatu kimoja, halafu anapanda pikipiki nyingine na kwenda zake na pesa zote mfukoni. Kwako hakusimama. Angesimama kwa lipi?

Dawa ni jiwe moja na maneno machache. Binadamu hapiti penye jiwe lililoandikwa bila kulisoma, na akishasoma huona haya kuondoka bila kuagiza kitu. Nimejaribu mwenyewe, nimefaulu, na kwa kuwa leo nimeamka vizuri nakupa somo zima bure.

1. Mchague wako

Wale Wazungu waliokuja zamani kuzichunguza nchi zetu, shuleni tulifundishwa kuwaita wapelelezi, jina lilelile la askari kanzu anayekaa baa akijifanya anasoma gazeti. Wako wengi, ila si kila mmoja anafaa mtaa huu.

Stanley ndiye mwenye jina kubwa, lakini mwaka 1876 aliishia kule Ziwa Ihema, Akagera, akageuza. Ukimleta mpaka Nyamirambo utakuwa umemtembeza kuliko alivyojitembeza. Oscar Baumann, Mwaustria, aliingia Rwanda mwaka 1892, akakaa siku chache upande wa kusini na kutoka. Mtu wa siku chache hana muda wa chai.

Gustav Adolf von Götzen anavutia zaidi. Aliondoka Pangani mwishoni mwa 1893, akavuka Akagera kwenye maporomoko ya Rusumo Mei 1894, akaonana na Mwami Rwabugiri huko Kageyo, akapita Kivu na misitu ya Kongo, na mwaka ule haukuisha kabla hajatokea Atlantiki. Safari ya kiume. Shida ni kwamba baadaye alikuja kuwa gavana wa Wajerumani Dar es Salaam, na ni yeye aliyekuwa kitini Maji Maji ilipozimwa kwa moto na njaa. Siku akitokea mgeni wa Songea akalikuta jina hilo kwenye jiwe lako, hataagiza chai. Atavuta kiti na kuanza maswali.

Kwa hiyo chukua Richard Kandt. Daktari, mtunga mashairi, mzaliwa wa Posen. Alitoka pwani mwaka 1897, mwaka uliofuata akawa Nyungwe akitafuta chanzo cha Nile kwenye mto Rukarara, mwaka 1904 akatoa kitabu kinene alichokiita Caput Nili, na mwaka 1907 akaja kuanzisha Kigali kwa niaba ya serikali ya Kijerumani. Nyumba yake leo ni makumbusho, hapo Nyarugenge tu, pikipiki haifiki hata kupata moto. Unaona utamu wake? Mtu aliyeishi jirani miaka kadhaa, mwenye miguu miwili na tabia ya kuzurura, alipita kwako. Anayebisha na alete ushahidi kwamba hakupita.

2. Usiogope, hutakuwa wa kwanza

Najua dhamiri itakusumbua kidogo. Itulize kwa kuangalia waliotangulia.

Nenda Burundi, kilomita kama 10 hivi kusini mwa Bujumbura, mahali paitwapo Mugere. Pana jabali kubwa linalotazama Ziwa Tanganyika, limechongwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe, 25 Novemba 1871. Miaka na miaka wageni wameambiwa kwamba hapo ndipo yule wa pili alipomvulia kofia yule wa kwanza. Walikuwa wameshakutana Ujiji! Mugere walifika kwa mtumbwi, wakalala usiku mbili, wakaendelea na safari yao. Jabali lenyewe halisemi uongo hata kidogo. Limetaja watu wawili na siku, basi. Uongo wanausema wanaolisimamia, na wanausema kwa adabu. Jifunze hapo.

Ujiji kwenyewe wana haki yao, ila na huko usichunguze sana. Mwembe wa siku ile ulishakufa zamani, sasa unaonyeshwa miembe inayosemekana kuwa uzao wake. Ufuko nao umesogea, ziwa limeenda mbali na mnara. Ndani ya makumbusho kuna sanamu mbili za karatasi zinavuliana kofia. Tarehe ya kukutana wataalamu bado wanaibishania, kwa sababu mmoja alikuwa amepotewa na hesabu ya siku na mwingine alikuwa mwandishi wa magazeti. Jiwe halibishani.

Halafu kuna Nile. Jinja wana mnara wa Speke, aliyefika 28 Julai 1862 akaona ziwa linamwagika kwenye maporomoko, akayabatiza Ripon. Bwawa la Owen Falls lilipokamilika mwaka 1954, maporomoko yakazama. Mnara ukabaki unaelekeza kidole kwenye maji matupu, na watu wanalipa kwenda kuyatazama. Warundi nao wana piramidi ndogo ya mawe kule Rutovu, aliyoijenga Mjerumani Burckhardt Waldecker mwaka 1938: chanzo cha kusini kabisa. Na sisi tuna Nyungwe, kwanza kwa Kandt, kisha mwaka 2006 Mwingereza mmoja na Wanyuzilandi wawili wakaupanda mto kwa boti kutoka Mediterania mpaka ndani ya msitu wetu na kutangaza chanzo cha mbali kuliko vyote. Mto mmoja, nchi tatu, vyanzo vitatu, na kila nchi inakata tiketi. Hakuna aliyefikishwa mahakamani.

Ukitaka mfano wa mtaani kwako, tazama uwanja wa mpira. Sote tuliujua kama Stade Régional. Mwaka 2023 ukapewa jina la Pelé, tukapiga makofi, na jioni tukaenda kula brosheti kama kawaida. Hakuna mzee hata mmoja aliyeuliza Pelé alipanga nyumba ya nani hapa.

3. Jiwe

Usinunue jiwe jipya. Jiwe jipya lina sura ya benki. Langu nililipata uani, lilikuwa la kufulia: bapa, upana wa sinia la pilau, katikati limelika kwa sabuni na viganja vya wanawake wa vizazi vitatu. Nilimpa mwenye nyumba fungu la ndizi na ahadi.

Lipake mtindi. Ndiyo, ikivuguto, ule wa kwenye duka la maziwa, nusu lita inatosha. Liweke nyuma ya choo kivulini, lifunike gunia lililoloa, ulisahau kwa wiki tatu za masika. Ukilifunua utakuta limeota kijani laini kama shavu la mvulana anayeanza ndevu. Hapo lina miaka 100. Paka wa mtaani watakusumbua siku nne za kwanza, wavumilie.

Fundi wa kuchonga mtafute mwenye kazi ya makaburi. Huyo haulizi maswali juu ya marehemu.

4. Maneno

Sasa tumefika penye kazi, na hapa nataka utulie.

Mjinga huandika: "Hapa ndipo Dkt. Kandt alipopumzika." Huyo amekwisha. "Hapa" ni neno la kesi. Mtu anaweza kuja na futi kamba akapima. Babu zetu waliotuachia lugha hii walitupa mahali kwa namna tatu, na naamini walifanya hivyo kwa ajili ya siku kama ya leo. "Hapa" ni pa kuonyeshwa kidole. "Humu" ni ndani, ukiandika humu lazima uonyeshe mlango na kitanda. Lakini "huku"! Huku ni kote. Huku ni kuanzia kwenye meza yako mpaka Mlima Kigali, ukipenda ongeza na bonde. Andika: "Huku ndiko alikopumzika." Mungu akikuuliza, utamjibu bila kigugumizi.

Kisha weka "inasemekana" mbele. Neno hili lina thamani kuliko jiwe lenyewe. Limesemwa, lakini aliyesema hayumo. Hakimu atamwita nani? Weka "inasemekana" na "huku" katika sentensi moja na utakuwa umejenga ukuta usio na tofali ambao hakuna profesa anayeubomoa.

Malizia na mwaka. Usiweke tarehe, tarehe ina siku ya wiki na siku ya wiki ina mvua au haina. Mwaka tu. Mimi niliweka 1908. Una sura ya mtu mkweli.

5. Herufi zinalipiwa

Fundi anatoza kwa herufi, basi punguza. Jambo la kwanza la kupunguza ni wapagazi.

Usinielewe vibaya, nawajua. Kila mpelelezi niliyekutajia alitembea na mlolongo wa watu wenye frasila mbili kichwani: marobota ya merikani na kaniki, shanga, masanduku ya vitabu, hema, kitanda cha bwana na maji ya kuoga ya bwana. Mbele kirangozi, nyuma mnyapara mwenye fimbo. Sidi Mubarak Bombay peke yake alikwenda na Burton na Speke, akaenda tena na Speke na Grant, akaenda na Stanley kumtafuta Livingstone, na mwishowe akavuka na Cameron mpaka Atlantiki. Ukiweka kilomita zake sawasawa, mabwana wote hao wanaonekana kama watu waliotoka kununua mkate.

Lakini hesabu herufi. Sidi Mubarak Bombay ni herufi 17. Kandt ni 5. Jabali la Mugere linawaza vivyo hivyo: mtumbwini walikuwapo wapiga makasia na watumishi, jiweni ni majina mawili. Biashara ni biashara.

6. Mtego wa Mirambo

Mtu atakujia na wazo zuri mno: kwamba Nyamirambo imepewa jina na Mirambo, yule mtemi wa Unyamwezi aliyeifunga njia ya misafara pale Tabora mwaka 1871 mpaka Stanley akazunguka kusini. Linapendeza, eti? Majina yanafanana, wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, kila kitu kinakaa mahali pake. Kataa. Kwa Kinyarwanda imirambo ni maiti, na kila mtoto wa hapa anasimuliwa hivyo, mahali pa maiti, vita vya zamani. Watoto watakuumbua mbele ya wateja. Uongo mzuri ni ule ambao jirani hana haja ya kuukanusha.

Kama mgeni ataleta neno la Mirambo mwenyewe, usimkatalie. Tikisa kichwa polepole na useme, "Eeh." Halafu uliza kama ataongeza sukari.

7. Shahidi

Jiwe bila mzee ni jiwe tu. Tafuta mzee wa Biryogo mwenye kofia ya kiua na miwani iliyofungwa waya, mpe benchi lenye kivuli na chai isiyo na bili. Masharti ni mawili: asizungumze mpaka aulizwe, na akiulizwa ajibu kwa Kiswahili cha taratibu. Mgeni asiyeelewa neno anaamini zaidi. (Tangu 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi hii, kwa hiyo mzee wako ni kama ofisi.)

Ukiona haya kumkalisha mtu pale kwa kazi hiyo, kumbuka ufundi huu ulianzia pakubwa. Mwaka 1897 Kapteni Hans Ramsay alifika kwa mwami akiwa na askari na bendera. Mwami Musinga alikuwa bado kijana mdogo na wakubwa wa nyumba hawakuona sababu ya kumtoa aonwe na wageni. Wakamtoa Mpamarugamba, mtu mzima mwenye kimo chake, wakamkalisha kitini. Kapteni akamkabidhi barua ya ulinzi ya Kaizari pamoja na bendera, akaondoka ameridhika. Dola nzima ya Ulaya ilisaini na mtu wa benchi. Nawe unahofia watalii wawili wa kutoka Hamburg?

Mjini kwetu, anayesema mwenzake ni Mswahili mara nyingi hamsifii, anamaanisha mjanja, mtu wa maneno. Wakikuambia hivyo usikasirike. Waulize wanataka chapati ngapi.

8. Kibali

Kigali si mji wa kubandika mambo ovyo barabarani. Kila mtu anajua. Jiwe liweke ndani ya ua wako, karibu na mlango, upande ambao mtu anayepita analiona nusu. Nusu inatosha. Ile nusu nyingine ndiyo inayomfanya aingie.

9. Ukipata mpinzani

Utampata. Mimi nilikaa miezi mitano tu. Wa ng'ambo ya barabara, ambaye mpaka juzi alikuwa anauza vocha na mayai ya kuchemsha, akaamka na ubao: "Inasemekana huku ndiko Dkt. Kandt alikokunywa chai yake ya kwanza Kigali." Inasemekana! Huku! Alikuwa amekaa kwangu siku nzima na kikombe kimoja, akisoma.

Usigombane. Wapelelezi wenyewe walimalizana kwa ugomvi wa nani alifika kwanza. Burton na Speke waliondoka pwani pamoja mwaka 1857 na kurudi Uingereza hawasemezani. Wewe mkubalie. Mwambie kila mgeni kwamba ni kweli kabisa, kikombe cha kwanza alikunywa kule. Kisha akavuka barabara.

10. Bibi

Hili sikulitarajia, na wewe halitakukosa, kwa hiyo jiandae.

Kuna bibi anapita Ijumaa baada ya sala, anakaa kwenye jiwe langu kupumzisha magoti. Nilimwacha, anapendeza kwenye picha. Siku moja akanyoosha kidole, akafuata herufi moja moja, K, A, N, akafika mwisho.

"Mwanangu, huyu alikuja peke yake?"

"Hapana, bibi. Alikuwa na watu."

"Sanduku lake la vitabu alibeba nani?"

Nikanyamaza. Akaniambia alibeba babu yake, kutoka Tabora, na alipofika huku akachoka kurudi, akaoa, akafyeka, akajenga kule chini ya msikiti. Nikamuuliza kama ana uhakika ni vitabu. Akasema mzee mpaka anakufa alikuwa na kovu utosini, mstari ulionyooka kama rula, nguo hazifanyi hivyo. Halafu akageuka akanitazama kwa macho ya mtu ambaye hajatumia "inasemekana" hata mara moja tangu aanze kusema.

Ijumaa iliyofuata alikuja na mjukuu wake na msumari wa inchi nne. Wakaligeuza jiwe. Kijana alichonga jina la babu upande wa nyuma, ule wenye alama za sabuni, herufi kubwa na ndogo zimechanganyika, mstari umepanda juu. Akaongeza "HAPA". Niliona, nikashika kichwa. Nilitaka kumweleza habari ya huku na kote. Bibi akasema andika hapa, mifupa yake iko hapo nyuma ya ukuta, atakayetaka kupima na apime.

Sasa sikiliza bei, maana ndiyo uliyoijia. Upande wa mbele ni bure kwa anayeagiza chai. Upande wa nyuma, ambao wageni wameanza kuuulizia wenyewe sijui nani amewaambia, ni faranga 1,000 kwa kichwa. Bibi alipata habari kabla ya jioni ya siku ya kwanza. Akaja, akakaa, akadai sehemu mbili kwa tatu, kwa sababu msafara ukipita kwenye ardhi ya mtu lazima utoe hongo, na hongo anayepanga kiasi ni mwenye ardhi. Nikamwambia bibi, siku hizi hongo ni neno baya. Akasema la kwake ni lile la zamani.

Ninampelekea kila Ijumaa, kwenye bahasha, na chapati mbili juu.